Pulsa zinazonyamaza, kurudi na kubadili sura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeulizwa mara nyingi sana, mengine na wanafunzi, mengine na watu wazima tu waliosikia neno pulsa mahali wakashangaa. Nimeyapanga kuanzia ya msingi kwenda yale magumu. Kama jambo limeshaelezwa juu ntakurudisha kwa namba ya swali badala ya kulirudia.

## Ya msingi

1. Pulsa ni kitu gani kwanza?

Ni maiti ya nyota kubwa, ila ni maiti yenye nguvu za ajabu. Nyota kubwa ikimaliza mafuta yake kiini kinajikunja chenyewe na magamba ya nje yanalipuka, ndo tunaita supanova. Kinachobaki katikati ni nyota nyutroni, kitu chenye uzito wa Jua moja na karibu nusu limejazwa ndani ya tufe la upana wa kilomita 20 na ushee, yaani kama kutoka Posta ya Dar mpaka Tegeta hivi. Inazunguka kwa kasi, ina usumaku mkali kuliko kitu chochote tunachoweza kutengeneza hapa duniani, na kwenye ncha zake za sumaku inatoa miali ya redio. Ule mwali ukipita upande wetu darubini ya redio inapokea mpigo mmoja, nyota ikimaliza mzunguko unakuja mwingine.

Nyingine zinazunguka mara moja kwa sekunde kadhaa, ile ya Kaa (kwenye mabaki ya supanova iliyoonekana mwaka 1054) inapiga mara 30 kwa sekunde, na yenye mbio kuliko zote tunazozijua inafika mizunguko 716 kwa sekunde moja. Mpaka sasa zimeorodheshwa zaidi ya 3,000.

2. Kwa hiyo inawaka na kuzima?

Hapana, na hapa wengi wanajikwaa. Fikiria taa ya mnara wa kuongozea meli: taa haizimi, inazunguka tu, aliye baharini anaona inamulika kisha giza. Pulsa ya kawaida iko hivyo hivyo. Ila sasa (na ndo maana ukurasa huu upo) kuna pulsa ambazo *kweli* zinazima, juu ya ule mzunguko wa kawaida. Hizo ziko swali la 5 na la 8.

3. Mbona nimesoma kwamba pulsa ni saa sahihi kupita kiasi? Saa gani inabadilika badilika?

Kuna vitu viwili na ukivichanganya hutaelewa chochote huko mbele. Cha kwanza ni mzunguko wa nyota, huo ndo wenye usahihi wa kutisha maana ni tufe zito ajabu linalozunguka na hakuna cha kulisumbua kirahisi. Cha pili ni mwali wa redio, ambao hautoki kwenye nyota yenyewe bali kwenye hewa ya chembe za umeme iliyoizunguka, na ile hewa ina vurugu zake.

Ukitazama mpigo mmoja mmoja, hakuna mipigo miwili inayofanana. Mmoja una kilele kirefu kushoto, unaofuata una vilele vitatu vifupi, wa tatu hafifu hata huuoni vizuri. Lakini ukijumlisha mipigo mia kadhaa au elfu kadhaa ukatafuta wastani, linatokea umbo moja lililotulia, na kila pulsa ina umbo lake kama mtu na alama za vidole. Wapimaji wa muda wanategemea lile umbo la wastani. Sasa ukiona umbo la wastani lenyewe limebadilika, hapo lazima ukae chini ufikirie.

4. Aliyegundua ni nani, na mabadiliko haya yalijulikana lini?

Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa udaktari Cambridge, Uingereza, mwaka 1967, chini ya msimamizi wake Antony Hewish. Alikuwa anapitia kwa macho karatasi za chati kama mita 30 kwa kila siku moja, akaona kijialama cha ajabu ambacho hakikufanana na nyota wala na kelele za binadamu. Walipoamua kukirekodi kwa kasi zaidi ili wakione vizuri, kikapotea! Alienda kituoni siku baada ya siku kwa wiki kadhaa hakuna kitu, mpaka mwisho wa Novemba kikarudi, na kalamu ikaanza kuchora mapigo yaliyopishana sekunde 1.33 na kidogo. Tuzo ya Nobeli ya 1974 ikaenda kwa Hewish na Martin Ryle, yeye hakuwekwa, na mimi naona hakutendewa haki.

Kwa hiyo toka siku ya kwanza pulsa ilikuwa inakuja na kupotea (ile ya Bell sababu yake iko swali la 15). Vilele vinavyotambaa viliripotiwa 1968, kunyamaza na kubadili mkao 1970.

## Aina za mabadiliko

5. Kunyamaza maana yake nini?

Pulsa inapiga vizuri tu, ghafla mpigo unaofuata haupo. Unaweza kukosekana mmoja, ikakosekana kumi, mia, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, tena kwa mdundo ule ule, maana nyota haikuacha kuzunguka. Zinazojulikana kunyamaza ni zaidi ya 200. Nyingine zinanyamaza chini ya asilimia 1 ya muda wake, nyingine zaidi ya asilimia 90, yaani zikipiga ndo habari.

Kinachonishangaza mpaka leo ni jinsi swichi ilivyo kali. Mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja tu, kama sekunde moja, imeshazima. Nyota yenyewe kwa ndani haiwezi kubadilika haraka namna hiyo, kwa hiyo kinachobadilika lazima kiwe huko nje kwenye chembe.

6. Na kubadili mkao?

Hapa pulsa hainyamazi, inabadili sura. Umbo la wastani nililosema swali la 3 linakuwa mawili au matatu, na pulsa inahama kutoka moja kwenda jingine ghafla, inakaa dakika au masaa, inarudi. Mfano wa siku zote ni B0329+54 (majina ya namna hii ni namba za mahali pulsa ilipo angani), moja ya pulsa zenye nguvu zaidi upande wa kaskazini wa anga: ina kilele cha katikati na viwili vya pembeni, na ikibadili mkao vile vya pembeni vinabadilisha ukubwa na nafasi zao. Muda mwingi iko kwenye mkao wa kawaida.

Watu wengi wanaofanya kazi hii sasa wanaona kunyamaza ni mkao mwingine tu, mkao ambao redio yake ni hafifu mno au imeelekea kwingine. Na mimi niko upande huo, sababu iko swali la 8 na la 21.

7. Vilele vinavyotambaa ndo nini? Naomba maelezo ya polepole.

Sawa, polepole. Chukua mpigo wa kwanza uuchore kwenye mstari. Mpigo wa pili uuchore juu yake, wa tatu juu ya huo, mpaka upate mistari mia. Kwa pulsa nyingi utaona vurugu. Lakini fanya hivyo kwa B0809+74, yenye mzunguko wa sekunde 1.29, alafu rudi nyuma hatua mbili uangalie. Utaona michirizi ya mshazari imepanda ukurasa mzima, mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi sawa, kama ukili uliosukwa na mtu anayejua kazi. Kila kilele kidogo kinakuja mapema kidogo kuliko kwenye mpigo uliopita, kinatambaa mpaka kinatokea ukingoni, na nyuma yake kingine kimeshaingia.

Sasa angalia pale pulsa iliponyamaza. Pana mistari mitupu kadhaa, kama msukaji aliinuka akaenda kunywa maji. Na ikirudi, michirizi inaanzia karibu na pale ilipoishia! Haianzi upya kokote. Kwa muda kidogo inatambaa taratibu kuliko kawaida, kisha inarudia mwendo wake. Kwa hiyo wakati wa ukimya kuna kitu pale kilikuwa kinakumbuka nafasi. Mimi mara ya kwanza kuuona ule mchoro niliuprinti nikaubandika ukutani, bado upo.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba juu ya ncha ya sumaku kuna cheche kadhaa zimepangwa duara, na lile duara lote linazunguka taratibu kuzunguka ncha, kama bembea za watoto za kuzunguka kwenye viwanja vya Idi. Kila mara nyota ikituelekea tunaona viti viwili vitatu vimesogea kidogo. Kwa B0943+10 watafiti Deshpande na Rankin walihesabu wakapata cheche 20, na duara zima linachukua mizunguko 37 ya nyota kurudi lilipoanzia. Yaani ramani ya kitu cha upana wa mita mia chache, kwenye nyota iliyo mbali miaka ya nuru isiyopungua elfu mbili, kwa kuhesabu tu.

8. Nimesikia kuna pulsa inapotea wiki nzima. Kweli?

Kweli, na hii kwangu ndo stori kubwa kuliko zote. Inaitwa B1931+24. Inapiga siku 5 mpaka 10, inazima ndani ya sekunde kama 10, inakaa kimya siku 25 mpaka 35, inarudi. Miaka mingi ilikuwa kwenye orodha ya kawaida tu na watu wakiielekezea darubini wakakosa kitu walidhani labda siku mbaya. Timu ya Jodrell Bank, kituo cha darubini za redio Uingereza, ikaifuatilia kila siku kwa muda mrefu na mwaka 2006 Michael Kramer na wenzake wakatoa matokeo.

Jambo lenyewe liko hivi. Pulsa zote zinapungua kasi kidogo kidogo. Ikiwa inapiga, unapima inapungua kwa kiasi gani. Ikizima huioni, lakini siku inarudi unaangalia mdundo wake umefika wapi, unalinganisha na pale ungetakiwa uwe, na hapo unajua wakati haupo machoni ilipungua kasi kwa kiasi gani (ni sawa na daladala ambayo huioni ikiwa njiani, ila ukijua ilitoka saa ngapi na kufika saa ngapi unajua ilikimbiaje). Wakakuta ikiwa inapiga, breki ni kali kwa asilimia 50 zaidi kuliko ikiwa kimya.

Asilimia 50! Mwali wa redio wenyewe ni sehemu ndogo sana ya nguvu ya pulsa, hauwezi kushika breki kiasi hicho. Kinachoshika ni mkondo wa chembe za umeme unaotoka kwenye nyota, na wakikokotoa chembe ngapi zinahitajika kuleta tofauti ile, inakuja karibu sana na kiwango ambacho Goldreich na Julian walishakikadiria kwa kalamu na karatasi mwaka 1969. Kwa hiyo redio ikizima sio taa tu imezima, mkondo mzima umekatika au umepungua sana. Ule ukimya ulikuwa kipimo, na ulikuwa kipimo kizuri kuliko hata mipigo yenyewe.

Baadae zikapatikana ndugu zake. J1841-0500 ilizima siku 580 ikarudi, na yenyewe ikiwa inapiga inapungua kasi mara mbili na nusu ya ikiwa kimya.

9. Hizi zinazopiga mara moja moja ni kitu kingine?

Zile zilitangazwa 2006 na Maura McLaughlin na wenzake kutoka data za darubini ya Parkes, Australia: vyanzo 11 vilivyotoa mlipuko mfupi wa redio wa milisekunde 2 mpaka 30, kisha kimya dakika kadhaa au hata masaa matatu. Ukichukua muda unaopita kati ya milipuko ukatafuta kigawo chake kikubwa cha shirika unapata mzunguko wa nyota, sekunde 0.4 mpaka 7. Ni nyota nyutroni zile zile. Nyingine ni pulsa za kunyamaza sana kama za swali la 5, nyingine zinapiga siku zote ila kwa udhaifu na sisi tunapata ule mpigo mnene tu. Mimi siwezi kuziita aina mpya.

## Sababu

10. Ni nini hasa kinachobadilika pale juu?

Nyota imezungukwa na magnetosfia, yaani eneo ambalo sumaku yake ndo inatawala chembe. Eneo hilo linazunguka pamoja na nyota, na lina mpaka: ukienda mbali vya kutosha, ili uzunguke pamoja na nyota ungetakiwa ukimbie kasi ya nuru, na hiyo haiwezekani. Kwa pulsa ya sekunde moja mpaka huo uko kama kilomita 48,000 kutoka kwenye mhimili. Mistari ya sumaku inayovuka mpaka huo haijifungi tena, na chembe zikifuata mistari hiyo zinatoroka, na njiani zinatoa redio.

Juu kidogo ya ncha kuna pengo lenye umeme wa nguvu kubwa sana. Pengo likizidiwa linapasuka kwa cheche, elektroni na positroni (pacha zake zenye chaji chanya) zinazaliwa kwa wingi, zinaporomoka kama maji ya bwawa lililopasuka. Kama namna ya kujaza na kupasua pengo inabadilika, mkondo unabadilika, na umbo la mwali nalo linabadilika. Hii picha ya cheche ni ya Ruderman na Sutherland ya mwaka 1975 na imerekebishwa sana tangu hapo, ila uti wa mgongo bado ni huo.

Kwa nini mfumo uwe na mikao miwili au mitatu iliyotulia badala ya kubadilika taratibu tu, hapo nadharia bado zinapigana.

11. Je, mabadiliko yanaonekana kwenye redio tu?

Hapana. Rudi kwa B0943+10 ya swali la 7. Ina mikao miwili, mmoja redio yake kali na vilele vimepangika vizuri, mwingine redio hafifu na vurugu tupu, na inakaa masaa kwenye kila mmoja. Timu ya Wim Hermsen ikaielekezea kwa wakati mmoja darubini za redio (LOFAR ya Uholanzi na GMRT ya India) na satelaiti ya eksirei XMM-Newton. Matokeo yakatoka 2013: redio ikififia eksirei inapanda zaidi ya mara mbili, redio ikipanda eksirei inashuka. Kinyume, na kwa wakati ule ule. Maana yake magnetosfia nzima inabadilika kwa sekunde chache, sio kona moja ya mwali.

12. Kuyumba kwa mdundo kunahusiana na haya?

Kunahusiana sana. Pulsa nyingi changa zina kuyumba kwa mdundo ambako watu walikuita kelele wakaachana nako. B1828-11 iliyumba kwa mpangilio wa siku kama 500, na mwaka 2000 maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyota inayumba kama pia inayokaribia kuanguka. Maelezo mazuri tu. Lakini 2010 Andrew Lyne na wenzake wakapitia data za miongo kadhaa wakaonyesha pulsa sita, hii ikiwemo, ambazo umbo la mpigo na ukali wa breki vinabadilika pamoja. Ni ile B1931+24 tena, ila kwa upole. Ile iliyoitwa kelele, sehemu yake ni pulsa inabadili mkao na sisi hatukuwa tunaangalia umbo.

13. Mruko wa ghafla wa kasi ni kitu hicho hicho?

Hapana, mruko unatoka ndani ya nyota: kimiminika cha ndani kinachozunguka kwa kasi zaidi kinaligawia gamba la nje mwendo kwa mpigo mmoja, na pulsa inaongeza kasi ghafla. Pulsa ya Vela, inayopiga mara 11 kwa sekunde, ni maarufu kwa hili. Tarehe 12 Desemba 2016 darubini ya mita 26 ya Mount Pleasant, Tasmania, ilikuwa inairekodi mpigo kwa mpigo wakati mruko unatokea. Ukatoka mpigo mmoja mpana usio wa kawaida, unaofuata haukuwepo kabisa, kisha ikaendelea. Mpigo mmoja tu uliokosekana, na ndo ushahidi kwamba tetemeko la ndani linaweza kufika mpaka kwenye hewa ya chembe huko nje.

14. Kuna mtu kasema ni asteroidi inagonga pulsa. Uongo huo?

Sio uongo, ni pendekezo. J0738-4042 ilitokeza kilele kipya kwenye umbo lake mwaka 2005 na wakati huo huo breki yake ikabadilika. Data zilitoka Hartebeesthoek, Afrika Kusini, na Parkes. Waandishi wa utafiti wa 2014 walisema inawezekana jiwe liliingia, likayeyuka na kugeuka chembe za umeme zikavuruga mkondo. Mimi naona mikao ya swali la 6 inatosha kueleza bila jiwe, ila hoja yao haina kosa la kifizikia.

## Mabadiliko ambayo sio kosa la nyota

15. Jana nilipata pulsa ina nguvu, leo hafifu. Imebadili mkao?

Huenda hapana. Kati yetu na pulsa kuna gesi nyembamba yenye elektroni, na inametesha redio kama hewa yetu inavyometesha nyota usiku. Hicho ndo kilichompoteza Bell ile Novemba. Ukitaka kutofautisha, angalia mambo mawili. Kumeta kunachukua dakika mpaka masaa na kunatofautiana kwa masafa, unaweza kukuta imefifia kwenye megahezi hizi na iko kali kwenye zile. Kunyamaza kwa kawaida kunakata masafa yote pamoja, ndani ya mzunguko mmoja. Na kabla ya yote hayo hakikisha sio simu ya mtu pembeni ya dishi, maana hilo limeshapoteza usiku wa watu wengi.

16. Pulsa inaweza kupotea kwa sababu mwali umegeuka?

Ndiyo. Pulsa ikiwa na mwenza mzito karibu, mhimili wake unageuka taratibu kwa sababu mvutano umepinda anga-muda, kama nadharia ya Einstein inavyotaka. J1906+0746 ilifuatiliwa kuanzia 2005 mpaka 2018 na umbo lake likabadilika mwaka hadi mwaka, na hesabu zinasema mwali utatukosa kabisa karibu mwaka 2028, kisha urudi baada ya miongo kadhaa. Kwenye ile jozi ya pulsa mbili, J0737-3039, pulsa B ilitoweka machoni petu Machi 2008. Haikufa, inamulika kwingine. Tofauti na ya swali la 8 ni kwamba hapa umbo linabadilika polepole na upande mmoja tu, na breki haibadiliki.

17. Na zile zinazogeuka kuwa kitu kingine?

Mbili za haraka. J1023+0038 ni pulsa ya milisekunde (yaani inayozunguka mara mamia kwa sekunde) inayonyonya gesi ya nyota mwenza, na Juni 2013 redio yake ilitoweka gesi iliporudi kuizunguka kama sahani. XTE J1810-197 ni magneta, yaani nyota nyutroni ya sumaku kali zaidi: mipigo yake ya redio ilipatikana 2006, ikanyamaza mwisho wa 2008, ikaamka Desemba 2018.

## Ya vitendo

18. Shikamoo mwalimu. Haya yote yanamsaidia nani?

Marahaba. Yanawasaidia kwanza wanaosaka mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga-muda. Wao wanatumia pulsa za milisekunde kama saa zilizotawanyika kwenye Njia Nyeupe, na Juni 2023 timu kadhaa duniani zilitangaza ushahidi wa mawimbi marefu kabisa kwa njia hiyo. Sasa Aprili 2021 moja ya saa zao bora, J1713+0747 inayozunguka karibu mara 219 kwa sekunde, ilibadili umbo la mpigo ghafla, ikachukua miezi kuelekea kurudi ilivyokuwa. Umbo likibadilika, muda wa kufika mpigo unaonekana umehama hata kama nyota haikufanya kitu. Usipojua hilo utatangaza wimbi ambalo halipo. Kwa hiyo mtu anayechora maumbo ya mipigo mchana kutwa anawalinda wengine wasidanganyike.

19. Sisi huku Afrika Mashariki tunaingia wapi?

Watu hawajui kwamba satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa maalum kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na ikapewa jina la Uhuru. Hiyo ndo iliyogundua mipigo ya Cen X-3, kila sekunde 4.8, pulsa ya eksirei inayokula gesi ya mwenzake. Neno letu liko kwenye vitabu vya fizikia dunia nzima na mtoto wa Malindi anaweza asijue!

Kwa sasa darubini kali ya kazi hii barani kwetu ni MeerKAT, madishi 64 ya mita 13.5 kule Karoo, Afrika Kusini, na ina mradi wa kupima pulsa zaidi ya elfu moja. Madishi hayo yataingia kwenye SKA, darubini kubwa ya redio ya kimataifa inayojengwa, ambayo Kenya ni moja ya nchi shirika za Afrika.

20. Naweza kuipokea mwenyewe nyumbani?

Kusikia rekodi, leo hii hii: Jodrell Bank wameweka sauti za pulsa kadhaa mtandaoni. B0329+54 inagonga kama mtu anabisha hodi, kama mara 84 kwa dakika, karibu na moyo wa mtu aliyepanda ngazi. Vela inanguruma kama pikipiki. Ni redio iliyogeuzwa sauti, angani hakuna hewa ya kubeba sauti.

Kupokea mwenyewe ni kazi ila inawezekana, wapo wapenzi wa redio walioipata B0329+54 kwa antena za mita chache na kipokezi cha bei ndogo kilichochomekwa kwenye kompyuta, wakajumlisha data za masaa. Kwetu inapanda chini chini upande wa kaskazini. Vela inapita vizuri kusini, mashariki ya nyota ya Suheli waliyoijua mabaharia wetu. Usitegemee kuona ikinyamaza kwa dishi dogo, kwa sababu unapata wastani tu, hupati mpigo mmoja mmoja (swali la 3).

21. Pulsa ikinyamaza, tunajuaje haijafa?

Pulsa zinakufa kweli. Zikipungua kasi kupita kiwango fulani umeme wa pengo hautoshi kuzalisha chembe, na redio inaisha. Kunyamaza kwingi kunaonekana kwa pulsa zilizozeeka, kwa hiyo wengi wanaona ni dalili ya kukaribia huko.

Lakini kimya cha darubini ndogo sio lazima kiwe kimya cha nyota. Darubini ya FAST ya China, yenye upana wa mita 500, ilitazama B2111+46, pulsa inayonyamaza sana, na matokeo ya 2023 yakaonyesha kwamba katikati ya ule ukimya kuna mipigo midogo sana, myembamba, mmoja mmoja, ambayo darubini nyingine zisingeiona. Walilinganisha na mvua: mipigo ya kawaida ni dhoruba ya chembe, hii ni matone. Na walipopima mwelekeo wa mawimbi ya yale matone, ulifuata mkunjo ule ule wa mipigo ya kawaida, yaani sumaku ya nyota ilikuwa imekaa pale pale ilipokuwa wakati wa dhoruba.